Kitabu Nilichokificha kwenye Gunia la Masika

Ndugu zangu, mmenisumbua vya kutosha. Kila nikipita sokoni kuna anayenishika mkono na kuniuliza kilichonipata kule Mbau. Mke wangu naye amechoka kujibu maswali ambayo hata yeye hana majibu yake. Nimeona heri niandike mara moja, msome wote, kisha mnicheke au mnionee huruma mkitaka. Habari za kutafuta ruhusa na karatasi za safari naziruka, kwa sababu hizo mnazijua na hazina ladha. Nawaomba jambo moja tu: atakayemaliza kusoma asije kunitetea.

Butembo hadi Maboya

Mnanijua mimi ni mwalimu wa darasa la tano, na mzee wa kanisa kwa miaka kumi na mmoja. Napenda mambo yaende kwa mstari. Mtoto akiruka neno moja katika jibu, nakereka kama niliyetafuna mchanga kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Ndiyo maana pasta wetu, alipozidiwa na homa, alinituma mimi kwenye kanisa la Mbau, mbele ya Beni, badala yake.

Desturi ya makanisa yetu ni kwamba mwalimu wa darasa la ubatizo hawaulizi wanafunzi wake mwenyewe darasa likiisha, asije akampitisha shemeji yake. Lazima aje mtu wa parokia nyingine. Mgeni huyo anawasimamisha mmoja mmoja na kuwauliza maswali arobaini. Anayejibu vizuri anaingia mtoni Jumapili, anayekwama anangoja darasa la mwaka unaofuata. Maswali yale nilikuwa nimeyanakili kwa mkono wangu katika kitabu kidogo chenye jalada la bluu, kazi ya majuma matatu, na ndani yake nilikunja orodha ya majina kumi ya wanafunzi wa Mbau.

Ilikuwa wakati wa vita, waasi walipokuwa wamegawana barabara yetu kama watu wanaogawana nyama ya arusi. Lori nililopata lilikuwa limepakia mbao na maharagi. Abiria tulikaa juu ya mzigo, tukaondoka Butembo asubuhi kwa kelele nyingi na mwendo mdogo.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, aliyejifunga kitenge cha manjano. Alijitambulisha kwa jina la Masika. Alikuwa mjane, mwenyeji wa Mbau, alikuwa amekuja Butembo kuuza mafuta ya mawese, na sasa alirudi na gunia la viazi vya Lubero. Aliimba njiani, na maneno ya nyimbo aliyabadilisha apendavyo. Nilivumilia wimbo wa kwanza. Wa pili nikamsahihisha. Alinishukuru, akaendelea kukosea vilevile.

Alipojua ninakokwenda na kwa kazi gani, alifurahi kupita kiasi. Jina lake lilikuwa katika ile orodha yangu. Alikuwa amengojeshwa mara mbili, mwaka kwa mwaka, kwa sababu hajui kusoma na majibu hayamkai kichwani kwa mpangilio wake. Akaniomba tufanye mazoezi pale juu ya lori, muda ulikuwepo. Nilimjibu kwamba muulizaji hawezi kumfundisha anayeulizwa, na kwamba tutaonana Mbau mbele ya wote. Nilijiona mtu wa haki sana.

Kabla ya Maboya gurudumu la nyuma lilizama katika tope hadi kwenye ekseli. Tulishuka, tukasukuma, ekseli ikakatika. Dereva alirudi Butembo kwa baiskeli kutafuta nyingine, nasi tukabaki Maboya siku mbili tukimngoja.

Siku ya kwanza Masika alinimiminia kikombe kutoka kwenye bidoni yake, dumu la plastiki. Kilinukia ndizi. Nikadhani ni kasiksi, pombe yetu ya ndizi, nikakisukuma na kumpa hotuba juu ya ulevi, kwa sauti, abiria wote wakisikia. Nilimuuliza kama hivyo ndivyo anavyojitayarisha kwa ubatizo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "hii ni maji ya ndizi tu. Tuliikamua jana, haiyachachuka. Minakunywishaka nayo hata bajukuu yangu."

Abiria walicheka. Mimi sikuomba radhi. Nilisema tu kwamba mtu awe mwangalifu na mambo yanayofanana na dhambi. Kisha nikakinywa, kwa kuwa nilikuwa na kiu, na kilikuwa kitamu. Siku zile mbili nilikula viazi vitamu vyake, maharagi yake, na ndizi zake za kuchoma. Mimi nilikuwa nimebeba mkate mmoja, na niliumaliza peke yangu kabla hatujafika Maboya.

Kizuizi cha karibu na Kabasha

Asubuhi ya siku ya tatu ekseli ilikuwa imefungwa na tulikuwa tayari kupanda. Ndipo wakapita watu waliotoka upande wa Beni kwa miguu, wakatuambia kwamba karibu na Kabasha askari wameweka kizuizi kipya na wanatafuta karatasi. Walimkuta mtu na orodha ya majina, wakasema ni majina ya vijana wanaoingia msituni kupigana nao. Walimshusha, na hakuna aliyemwona tena.

Katika mfuko wangu kulikuwa na majina kumi ya Mbau, kwa mwandiko wangu mzuri, yamepewa namba moja hadi kumi.

Ningeweza kuitupa orodha ile majanini. Ningeweza kuitafuna. Nimelifikiri jambo hili mara nyingi tangu hapo, na kila mara naona njia nyingine ambayo ningeweza kuishika. Lakini kitabu kilikuwa kimenichukua majuma matatu, na niliogopa pia kufika Mbau mikono mitupu na kuonekana mzembe. Masika alikuwa ameshuka kujaza maji. Nikafungua mdomo wa gunia lake, nikakisukuma kitabu na orodha yake chini ya viazi, nikalifunga tena vizuri kama lilivyokuwa. Aliporudi nilimsaidia kupanda. Alisema nina moyo mwema.

Kwenye kizuizi tulishushwa sote na kupangwa kando ya barabara. Askari walipekua mifuko, wakapanda juu ya mzigo, wakamwaga kila gunia. Viazi vya Masika vilibiringika matopeni, na kitabu cha bluu kikaanguka katikati yake. Mkubwa wao alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani ya jua. Alikifungua, akaikunjua orodha, akauliza gunia ni la nani na majina ni ya nani.

Masika alikitazama kitabu. Alikuwa amekiona mikononi mwangu siku tatu mfululizo, hakuweza kukisahau. Kisha akanitazama mimi, mara moja, si kwa muda mrefu. Nikainamisha macho yangu kwenye viatu vyangu.

"Ni yangu," akasema.

Mkubwa alimuuliza kama anajua kusoma. Akasema hapana. Akamuuliza basi anatembeza kitabu asichoweza kukisoma kwa nini.

"Ni maulizo ya ubatizo, papa. Bananisomeaka nayo kule kwetu Mbau. Hata jina yangu iko mu ndani. Tafuta Masika, utaiona."

Alitafuta, akaiona. Hiyo haikumsaidia, ilimfanya kuwa mmoja wa wale kumi. Mkubwa akataka kujua nani aliandika. Masika alisema mwalimu mmoja wa Butembo, jina limemtoka. Yule kijana akapita mbele yetu mmoja mmoja. Aliponifikia aliona kalamu katika mfuko wa shati langu, akaniuliza kama mimi ni mwalimu.

"Hapana," nikasema. "Niko nauzisha chumvi."

"Unamujua huyu mama?"

"Simujui. Tumekutana tu mu camion."

Nilisema hivyo nikiwa bado na ladha ya ndizi zake mdomoni. Wakamwambia Masika abaki. Askari mmoja alimpiga kofi kwa sababu alikuwa anaokota viazi bila ruhusa. Sisi wengine tukaambiwa tupande. Nikapanda. Hakuna aliyenilazimisha, hakuna aliyenisukuma, nilipanda kwa miguu yangu mwenyewe na nikatafuta mahali pazuri pa kukaa. Lori lilipoondoka sikugeuka nyuma.

Beni

Beni nilifikia kwa shemeji yangu, seremala, mtu mkarimu na mwenye maswali mengi. Mke wake alichinja kuku. Walitaka kujua habari za njiani, na mimi nikaanza kueleza nikiwa na nia ya kusema kweli. Naapa nilikuwa na nia hiyo. Lakini nilipofika kwenye kizuizi mdomo wangu ulipita njia nyingine. Nilisema tulipekuliwa sote, na mimi nilikuwa na kitabu cha kanisa na orodha ya hatari, na Bwana akawafumba macho askari wasivione. Nilisema pia kwamba baadaye, katika haraka ya kupanda, kitabu kilianguka njiani.

Walipiga makofi. Shemeji alilia. Kesho yake asubuhi, kwenye maombi ya alfajiri, alisimama na kutangaza kwamba kuna mgeni mwenye ushuhuda. Nikasimama mbele ya watu wapatao hamsini, wengi wao wakimbizi wa vijijini waliopoteza kila kitu, nikawasimulia jinsi Mungu alivyoniokoa. Mara hii niliisimulia vizuri zaidi. Niliongeza kwamba nilikuwa naomba kimoyomoyo. Mama mmoja alikuja kunishika mikono, akasema imani yake imepata nguvu.

Juu ya Masika sikusema neno hata moja. Kuku yule nilimla, na nilikula paja. Nawaambia haya ili mjue kwamba aibu haimnyimi mtu hamu ya chakula, kama watu wanavyodhani.

Beni hadi Mbau

Siku mbili nilijisingizia homa. Ya tatu nikachukuliwa kwa baiskeli hadi Mbau, kutwa nzima, tukishuka kwenye kila mlima na kila daraja bovu. Kila kizuizi kilitupitisha bila shida. Sikuwa na kitu mfukoni isipokuwa kalamu.

Mbau nilipokewa na Pasta Kasereka, mzee mpole aliyevaa koti moja siku zote. Alisikitika kusikia kwamba kitabu kimepotea, lakini maswali arobaini niliyajua kwa kichwa, kwa hiyo kazi iliendelea. Kesho yake wanafunzi walikaa kwenye mabenchi ya kanisa. Walikuwa tisa. Pasta alisema wa kumi hajarudi kutoka Butembo, na wanawe wana wasiwasi. Nikasema njia ni mbaya.

Niliwauliza wale tisa na wote wakapita. Nilikuwa namalizia wa mwisho wakati Masika alipoingia mlangoni. Alikuja kwa miguu kutoka Kabasha. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba, kitenge cha manjano kimechanika pembeni, na gunia hakuwa nalo. Watu walimrukia kwa furaha. Aliwaambia kwa kifupi kwamba askari walimzuia, akawapikia siku tatu, walimpiga kidogo, kisha mkubwa wa juu akaja, akasoma kitabu, akacheka, akamwachilia. Kama kulikuwa na mengine hakusema, na mimi sikuwa na haki ya kuuliza.

Kisha alikuja mbele, akafungua ncha ya kitenge chake, akaniwekea kitabu cha bluu mezani.

"Mwalimu, kitabu hii ilikuwa kwangu," akasema, na akaenda kusimama mahali pa kuulizwa.

Hakuna aliyeshangaa, ila Pasta Kasereka alikitazama kitabu kile, kisha akanitazama mimi, kisha akatazama chini. Nilianza kumuuliza Masika. Swali la kwanza, la pili na la tatu alijibu. Kuanzia la nne alianza kuchanganya. Tulipofika la kumi na mbili, linalouliza mtu anaokolewa kwa njia gani, alikwama kabisa. Jibu lake lina sehemu nne na lazima zifuatane.

"Zile ine zinanikimbiaka, Mwalimu. Mimi minajua tu hivi: sikuwa na kitu ya kumupa Yesu, na yeye alinichukua vile niko."

Pasta aliinua uso kwa matumaini. Ningeweza kumpitisha. Nilijua jibu lile ni sahihi kuliko yote tisa niliyoyasikia asubuhi ile, yaliyotamkwa vizuri na kwa mstari. Lakini Mbau wana desturi yao: kila anayetoka majini anasimama ukingoni, akiwa bado amelowa, na kuwaeleza watu jambo ambalo Mungu amemtendea mwaka ule. Nilijua Masika angeeleza lipi.

Nikachukua kalamu yangu, na mbele ya jina lake, kwenye ile orodha iliyorudi ndani ya kitabu ikiwa na madoa ya mafuta, nikaandika: Angoje.

Watu walinung'unika kidogo. Yeye alisema tu, "Sawa, Mwalimu, nitangoja." Kisha akaniuliza kama nimekula. Ilikuwa zamu yake kulisha mgeni siku ile. Alinipikia bugali na sombe yenye mawese mengi, akakaa mbali kidogo ili nile kwa uhuru.

Mtoni

Jumapili tulishuka mtoni na kanisa zima, watu wa mashamba, wachuuzi wa barabarani, wakimbizi, hata Wakatoliki kadhaa waliokuja kutazama. Pasta Kasereka aliingia majini hadi kiunoni. Wanafunzi tisa walivua nguo zao za juu na kubaki na za kubatiziwa. Masika alikuwa amejitolea kuwashikia nguo kavu. Alisimama ukingoni na rundo hadi kidevuni, akiimba pamoja na wengine, maneno yakiwa hovyo kama kawaida, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumfunika kila aliyetoka majini. Nilijaribu kutazama maji.

Wa tisa alipomaliza ushuhuda wake, nilidhani tumekwisha. Lakini Pasta Kasereka alibaki majini. Alisema kuna mama aliyekuja kutoka Beni usiku uliopita na amewaletea habari njema juu ya mgeni wao. Akaeleza kwa sauti jinsi Bwana alivyowafumba macho askari wa Kabasha wasione kitabu cha Mwalimu. Hakusema kwa dhihaka. Nadhani alikuwa ameshaelewa, na alikuwa ananifungulia mlango. Akaniomba nisimame, nitoe ushuhuda kwa mdomo wangu.

Nilisimama. Masika alikuwa amesikia kila neno. Nilitegemea anikazie macho, na kama angefanya hivyo labda ningepata ukali wa kujitetea. Badala yake aliinamisha kichwa juu ya lile rundo la nguo, kama mzazi ambaye mwanawe ameanguka mbele ya watu. Alikuwa anaona haya kwa ajili yangu. Hilo sikuliweza.

"Hapana vile," nikasema. "Mungu hakufunga askari macho. Kitabu nilikificha miye, mu gunia ya huyu mama, yeye hajui. Balipokiona, alisema ni yake. Baliniuliza kama minamujua. Nikasema simujui. Nikapanda camion, nikamwacha."

Mwanamke mmoja alisonya. Niliendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaanza tena. Niliwaambia juu ya ushuhuda wa Beni. Niliwaambia kwamba Masika hakushindwa maswali, mimi ndiye niliyemwangusha ili asisimame ukingoni na kusema. Kijana wake mkubwa alipiga hatua kunijia, watu wakamshika. Nilipomaliza niligeuka kwa Masika, nikapiga magoti matopeni, nikamwomba anisamehe. Sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

Alinitazama kwa mshangao kidogo, kana kwamba ninaomba kitu nilichokwisha kupewa.

"Lakini Mwalimu, mimi nilikusameheaka palepale kwa bariere. Camion ilikuwa bado kuondoka."

"Mbele, nikiwa bado kuomba?" nikauliza.

"Ungeomba namna gani? Ulikuwa unatetemeka."

Ndugu zangu, ninyi mnajua kwamba sehemu nne za jibu la kumi na mbili ninazijua tangu nikiwa na miaka kumi na nne. Nimezifundisha kwa watu wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na nimewarudisha wengi nyumbani kwa kuzikosea. Sehemu ya pili inasema tulipendwa tungali waovu, kabla hatujatafuta kupendwa. Nimeitamka maelfu ya mara. Pale matopeni ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza inavyosema.

Pasta Kasereka aliuliza kutoka majini, bila kupaza sauti, kama muulizaji ana neno la kubadilisha katika karatasi yake. Nikasema ndiyo. Akamnyooshea Masika mkono.

Masika alitafuta mahali pa kuweka lile rundo, na chini pote palikuwa tope. Akaniletea mimi. Akanipakia mikononi zile nguo za watu tisa, juu yake akaweka kitenge chake cha manjano kilichochanika, akaniambia nisiangushe, kisha akaingia mtoni. Mnaniuliza kilichonipata Mbau. Niliokoka pale, nikiwa mzee wa kanisa wa miaka kumi na mmoja, mikono yangu imejaa nguo za watu wengine na sina hata mkono mmoja wa kujifuta machozi.